Umeme Umekatika, Kazi Haijaisha: Namna ya Kuongeza Saa za Betri ya Kompyuta Mpakato

Mwenye duka alisema betri inakaa saa nane. Nyumbani inakaa tatu. Wengi wakifika hapo huamua kuwa betri imekufa, wakaanza kuulizia bei ya nyingine. Mara nyingi betri bado ina uhai wa kutosha, ila kompyuta inatumia umeme kana kwamba imechomekwa ukutani: kioo kinawaka hadi mwisho, prosesa inakimbia bila kazi ya maana, na programu ambazo hukuzifungua zimejiwasha zenyewe tangu asubuhi. Sehemu kubwa ya saa hizo unaweza kuirudisha jioni moja kwa kubadilisha mipangilio, bila kutoa hata senti.

Mwongozo huu unaanza na Windows, kwa kuwa ndiyo iliyomo kwenye kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu, hasa zile za ofisi zilizokwisha kutumika ng'ambo, kama ThinkPad, Latitude na EliteBook, zilizojaa kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Wenye Mac na Linux wana sehemu yao hapa chini. Kanuni ni moja kwa wote: pima kwanza, kisha punguza panapokula zaidi. Kuzima Bluetooth huku kioo kinawaka hadi mwisho hakukusaidii kitu cha kuonekana.

1. Jua betri yako imebaki na uwezo gani

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, herufi Wh utakazoziona kwenye betri yenyewe. Betri ya wati-saa 50 inaweza kutoa wati 10 kwa saa tano, au wati 25 kwa saa mbili. Kompyuta nyingi za ofisi huja na betri ya kati ya wati-saa 40 na 60. Kadiri miaka inavyopita uwezo huo hupungua, na Windows huweka kumbukumbu yake. Itoe hivi:

1. Bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi.
2. Andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter.
3. Dirisha litakuandikia mahali lilipohifadhi ripoti, kwa kawaida ndani ya folda yenye jina lako kwenye diski C. Ifungue faili hiyo, battery-report.html, kwa kivinjari chochote.

Ndani yake tafuta sehemu ya "Installed batteries". Mistari miwili ndiyo unayoihitaji: "Design capacity", yaani uwezo betri iliyotoka nao kiwandani, na "Full charge capacity", uwezo ilionao leo ikijaa. Namba hizo ziko kwa mWh, yaani sehemu za elfu za wati-saa. Tuseme wa kwanza unasoma 50,000, yaani wati-saa 50, na wa pili 36,000, yaani wati-saa 36. Gawanya wa pili kwa wa kwanza: betri imebaki na asilimia 72. Mstari wa "Cycle count", kama mashine yako inauonyesha, ni idadi ya mizunguko kamili ya chaji ambayo betri imepitia.

Ukipata asilimia 80 au zaidi, betri ni nzima na tatizo lako liko kwenye matumizi. Kati ya 50 na 80 betri imechoka, lakini mipangilio mizuri itakufikisha mbali. Chini ya 50, fuata mwongozo huu huku ukiweka akiba ya betri mpya.

Unayekwenda kununua kompyuta iliyotumika, fanya hatua hizi tatu dukani, mbele ya muuzaji, kabla hujatoa pesa. Hazichukui hata dakika mbili, na zinakupa namba ya kujadiliana bei. Ukikuta mashine ya miaka mingi ambayo namba zake mbili zinalingana kabisa, huenda betri imebadilishwa karibuni, au imewekwa betri ya bei rahisi isiyotoa taarifa sahihi. Omba uitumie nusu saa bila chaja. Jaribio linalofuata litasema ukweli.

2. Pima unavyotumia kwa nusu saa

Chomoa chaja betri ikiwa na chaji ya kutosha. Andika asilimia unayoiona na saa iliyopo. Fanya kazi zako za kawaida kwa dakika 30, kisha soma asilimia tena.

Tukiendelea na betri yetu ya wati-saa 36: tuseme imeshuka asilimia 15 kwa nusu saa. Asilimia 15 ya 36 ni wati-saa 5.4. Zikitumika kwa nusu saa, maana yake mashine inavuta wati 10.8. Gawanya 36 kwa 10.8: betri iliyojaa itakaa saa tatu na dakika 20.

Sasa tuseme umebadilisha mipangilio, umerudia kazi zilezile, na imeshuka asilimia 10 tu. Hapo mashine inavuta wati 7.2, na betri ileile itakaa saa tano. Umeongeza saa moja na dakika 40 kwa kupunguza wati tatu na ushee. Ndiyo sababu wati moja tu inastahili kuhangaikiwa kwenye kompyuta mpakato: kwenye taa ya sebuleni haionekani, ila hapa ni sehemu ya kumi ya matumizi yote.

Weka namba yako ya kwanza mahali utakapoiona. Bila hiyo hutajua ni badiliko gani limesaidia.

3. Anza na kioo

Kwa anayeandika, anayesoma au anayejaza majedwali, kioo ndicho mlaji mkuu, au kinafuatana na prosesa. Hapa ndipo utakapopata faida ya haraka kuliko popote.

Shusha mwangaza hadi pale macho yanaposoma bila kujikaza. Ndani ya nyumba, asilimia 30 hadi 50 hutosha watu wengi. Kinacholazimisha mwangaza mkubwa mara nyingi ni mahali ulipokaa: ukiwa na dirisha mgongoni, mwanga wake unapiga kioo nawe unaongeza mwangaza ili kushindana na jua. Geuza kiti dirisha liwe ubavuni na utaweza kushusha tena.

Weka kioo kijizime haraka. Ingia "Settings", kisha "System", kisha "Power & battery", ufungue sehemu ya muda wa kioo na kulala. Kwa matumizi ya betri chagua dakika tatu kwa kioo na dakika kumi kwa mashine kulala. Picha zinazochezacheza kwenye kioo kilichoachwa haziokoi chochote. Kioo kinawaka na prosesa inazichora.

Angalia kasi ya kioo kujichora upya. Mashine mpya, hasa za michezo, huja na vioo vya hezi 120 au 144. Ndani ya "Display", kisha "Advanced display", chagua hezi 60 unapotumia betri. Kwa kuandika barua huoni tofauti yoyote.

Kuhusu mandhari meusi: yanaokoa umeme kwenye vioo vya OLED, kwa kuwa humo kila nukta inawaka peke yake na nukta nyeusi imezimika. Kompyuta nyingi za ofisi zina vioo vya LCD, ambavyo taa yake huwaka nyuma ya kioo kizima hata ukurasa ukiwa mweusi. Kama kioo chako ni LCD, weka mandhari meusi kwa ajili ya macho, si kwa ajili ya betri.

Mwisho, zima taa za kibodi. Kwenye mashine nyingi kitufe chake kiko safu ya juu au kwenye mwambaa mrefu wa nafasi, na hubonyezwa pamoja na Fn.

4. Itulize prosesa

Prosesa ya kisasa ina kasi ya kawaida na kasi ya kujikaza, inayopanda kwa muda kazi ikizidi. Ikijikaza huongeza pia volti, na matumizi ya umeme hupanda upesi kuliko kasi inayopatikana. Kwa hiyo ukipunguza kasi kidogo, umeme unaookoa ni mwingi kuliko kasi uliyoipoteza.

Windows inakupa njia rahisi. Ndani ya "Power & battery" kuna "Power mode". Chagua "Best power efficiency" kwa wakati wa betri. Kwenye Windows 10, bofya alama ya betri pembeni mwa saa na usogeze kitelezi kushoto. Ukikuta sehemu hiyo imefifia na haikubali kubadilishwa, huenda aliyekuwa na mashine kabla yako aliiweka kwenye mpango wa "High performance". Ingia "Control Panel", kisha "Power Options", urudishe "Balanced", nayo itafunguka.

Kisha washa kipengele cha kuokoa umeme, kinachoitwa "Energy saver" kwenye matoleo mapya ya Windows 11 na "Battery saver" kwenye yaliyotangulia. Kinapunguza mwangaza, kinazuia programu za nyuma kusasisha barua pepe na kalenda kila mara, na kinaahirisha masasisho yasiyo ya haraka. Watu wengi hukiacha kijiwashe chaji ikibaki kidogo, wakati faida yake imeshapita. Ukijua kuwa siku ni ndefu na umeme hauna uhakika, kiwashe betri ikiwa imejaa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na A, utakikuta kwenye paneli inayofunguka.

Wenye kompyuta zenye kadi ya pili ya picha, kwa mfano ya NVIDIA, wana kazi moja zaidi. Kadi hiyo ikiamka inaweza kuvuta umeme mwingi kuliko mashine nzima ilivyokuwa ikivuta. Nenda "Display", kisha "Graphics", chagua kivinjari na programu zako za kawaida, na uziwekee "Power saving" ili zitumie kadi ndogo iliyomo ndani ya prosesa.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi: ndani ya mipangilio ya kina ya "Power Options", chini ya "Processor power management", kama mashine yako inaonyesha "Maximum processor state", weka 99 kwa upande wa betri. Kwenye prosesa nyingi za Intel hatua hiyo huzuia kasi ya kujikaza. Feni itatulia, mashine itapoa, na kuandika hakutabadilika. Unapohariri video, irudishe 100.

5. Fukuza programu zinazokula kimyakimya

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye "Task Manager" bofya kichwa cha safu ya CPU ili walaji wakubwa wapande juu, kisha acha kugusa chochote na uangalie kwa dakika moja. Mashine isiyofanya kazi inapaswa kutulia kwenye asilimia chache. Kama kuna programu inayokaa kwenye 15 au 20 bila wewe kuitumia, umemkamata mwizi wako. Mara nyingi ni kichupo cha kivinjari chenye tangazo linalocheza, programu inayopakia mafaili mtandaoni, antivirusi iliyoanza ukaguzi mzima, au sasisho linalojipakua. Kwa picha ya siku nzima, rudi "Power & battery" ufungue "Battery usage", ambako kila programu imeandikwa na sehemu ya betri iliyoitumia.

Kisha nenda sehemu ya "Startup apps" ndani ya "Task Manager" hiyohiyo. Hapa kuna orodha ya programu zinazojiwasha kila unapowasha kompyuta: za muziki, za mikutano, za michezo, wasaidizi wa printa. Zima zote usizozihitaji kila asubuhi. Haziondoki kwenye mashine, zitafunguka utakapoziita. Usiguse antivirusi na zile zenye jina la mtengenezaji wa padi ya kugusa au sauti.

Kivinjari kinastahili uangalizi wake. Kwenye Chrome, ingia mipangilio, sehemu ya "Performance", uwashe kiokoa umeme na kiokoa kumbukumbu. Edge ina vipengele vyake vya aina hiyo, pamoja na kulaza vichupo visivyotumika. Na funga vichupo. Ukurasa wa habari wenye matangazo yanayocheza unaendelea kufanya kazi hata ukiwa umeufunika kwa mwingine.

Video ni mzigo wa pekee. Kuna sehemu ndani ya kompyuta iliyotengenezwa mahususi kufungua video kwa umeme kidogo, lakini kila kizazi kinafahamu miundo ya wakati wake. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 haziwezi kufungua kikamilifu kwa sehemu hiyo video za muundo wa VP9 ambazo YouTube hutumia sana. Uwezo huo ulikuja na kizazi cha 7, na wa muundo mpya wa AV1 ukaja na kizazi cha 11. Mashine isiyofahamu muundo huilazimisha prosesa kufanya kazi yote, feni ikavuma na betri ikashuka. Kwa mashine kama hiyo, shusha ubora hadi 480p. Bando nalo litadumu.

Katika mikutano ya video, zima kamera usipozungumza na uondoe ukungu au picha ya kupachika nyuma yako. Kompyuta inalazimika kukutenganisha na ukuta mara nyingi kila sekunde, na hiyo ni kazi nzito kwa mashine ya zamani.

Usipakue programu zinazojitangaza kuwa zinaongeza betri. Zenyewe zinakaa nyuma na kula umeme, na nyingine huja na virusi. Yote yanayowezekana yamo kwenye mipangilio uliyonayo.

6. Intaneti ya simu na vilivyochomekwa

Wengi wetu huingia mtandaoni kwa bando la simu. Ukiunganisha simu kwa waya wa USB, simu huanza kujichaji kutoka kwenye kompyuta. Tundu la kawaida la USB 2 linaruhusiwa kutoa wati 2.5, na la USB 3 wati 4.5. Kwa mashine iliyokuwa inavuta wati 10, hiyo ni robo au karibu nusu ya matumizi yake inayokwenda kwenye simu. Unapotegemea betri, tumia intaneti ya simu kwa Wi-Fi, na uiweke simu mezani karibu na kompyuta, kwa kuwa mawimbi dhaifu huilazimisha redio kutumia nguvu zaidi. Kama waya hauepukiki, hakikisha simu imejaa kwanza, ili ivute kidogo.

Kisha iambie Windows kuwa intaneti hiyo ni ya kulipia kwa kipimo. Ingia "Network & internet", fungua mtandao wako wa Wi-Fi, uwashe "Metered connection". Masasisho mengi yatasubiri, na baadhi ya programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni zitasimama. Hatua hii moja inaokoa bando na betri kwa pamoja.

Chomoa usichotumia. Diski ya nje inayozunguka inaweza kuvuta wati mbili hadi tatu. Nakili unachohitaji kisha uiondoe. Fleshi na kipanya hula kidogo, lakini fleshi iliyosahaulika inaweza kuizuia mashine isilale vizuri. Na kazi ikiwa ni ya kuandika tu, pakua kila unachokihitaji kisha uzime mtandao wote. Utaokoa pia umeme ambao kivinjari kingeutumia.

7. Kufunga mfuniko si kuzima

Ukifunga mfuniko, kompyuta hulala, na kumbukumbu yake huendelea kulishwa umeme. Mashine nyingi za miaka ya karibuni hulala nusu macho ili zipokee barua pepe, na usiku mmoja unaweza kuzipunguzia chaji ya kuonekana.

Dawa yake ni "Hibernate". Kwa njia hiyo Windows huandika kila ulichokuwa nacho kwenye diski, kisha hukata umeme. Ukiwasha, unakuta mafaili yako yalivyokuwa. Mara nyingi imefichwa. Ingia "Control Panel", "Power Options", kisha "Choose what the power buttons do", bofya mstari wa kufungua mipangilio iliyofungwa, na uweke alama kwenye "Hibernate". Hapohapo chagua kuwa ukifunga mfuniko kwenye betri, mashine ifanye "Hibernate".

Betri iliyochoka ina tabia ya kuanguka ghafla: inaonyesha 15, na dakika chache baadaye mashine imezimika na kazi yako imepotea. Katika mipangilio ya kina ya "Power Options", chini ya "Battery", pandisha kiwango cha hatari hadi asilimia 10 na uhakikishe hatua yake ni "Hibernate". Kama yako huanguka mapema zaidi, pandisha zaidi.

8. Wenye Mac na Linux

Kwenye Mac, fungua "System Settings", kisha "Battery", uweke "Low Power Mode" ifanye kazi mashine ikiwa kwenye betri. Hapohapo utasoma afya ya betri. Apple inasema betri za MacBook nyingi za kisasa zimeundwa kuvumilia mizunguko 1,000. Programu inayokula umeme utaiona kwenye "Activity Monitor", sehemu ya "Energy".

Kwenye Linux yenye GNOME, menyu iliyo kona ya juu kulia ina hali ya kuokoa umeme. Amri ya upower itakuonyesha "energy-full" na "energy-full-design", zile namba mbili za kugawanya. Programu ya powertop itakuonyesha wati zinazovutwa wakati huohuo, ukaokoa hesabu ya nusu saa. Ukitaka mashine ijipange yenyewe, sakinisha programu ya TLP, lakini usiiendeshe sambamba na ile ya power-profiles-daemon. Zote mbili hugombania mipangilio ileile.

9. Itunze betri yenyewe

Ushauri wa kuchaji saa nane kabla ya kutumia mara ya kwanza, au kuimaliza betri kabisa kabla ya kuichaji, ulitokana na betri za zamani za nikeli. Kompyuta za leo zina betri za lithiamu, aina ambayo Sony iliileta sokoni mwaka 1991 na ambayo waanzilishi wake watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Nobeli ya Kemia mwaka 2019. Betri hizi hazihitaji kumalizwa. Zinachoshwa na mambo mawili: joto, na kukaa zimejaa kabisa kwa muda mrefu. Yakikutana yote mawili ndiyo mabaya zaidi.

Kama kompyuta yako hushinda imechomekwa mezani, weka kikomo cha chaji cha asilimia 80. Lenovo huiweka kwenye programu ya Vantage, ASUS kwenye MyASUS, na mashine nyingi za ofisi za Dell na HP zina mpangilio huo kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe. Ukijua umeme utakatika kesho, ondoa kikomo usiku na ujaze. Ukiiweka kompyuta kando kwa wiki nyingi, iache na chaji nusu hivi, mahali pa baridi.

Kuhusu joto: usiifanyie kazi juu ya godoro au mto, kwa kuwa matundu ya hewa mara nyingi yako chini. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kama feni inavuma muda wote, mpelekee fundi aifungue, apulize vumbi na abadilishe krimu ya prosesa. Mashine iliyopoa inatumia umeme kidogo na betri yake inadumu.

10. Wakati wa kubadilisha

Ukigundua padi ya kugusa imeinuka, kibodi imevimba au mfuniko hauzibi, betri imefura. Zima mashine, usiichaji tena, usiitoboe wala kuibonyeza, na umpelekee fundi anayejua kuitoa. Usiitupe kwenye taka za nyumbani wala kwenye moto.

Betri isiyofura lakini iliyo chini ya nusu inafaa kubadilishwa kama mashine bado ni nzuri. Nenda na namba ya betri iliyoandikwa kwenye ya zamani, ulinganishe volti na wati-saa, omba dhamana, na siku hiyohiyo utoe ripoti upya na ufanye jaribio la nusu saa.

Kama kompyuta yako inachajiwa kwa USB-C, benki ya umeme ni msaada mwingine. Chagua yenye alama ya PD na inayotoa angalau wati 45. Ya mAh 20,000 huwa na takriban wati-saa 74, na sehemu yake hupotea njiani. Kwa wasafiri wa ndege, kikomo cha kawaida bila kuomba kibali ni wati-saa 100, ndani ya mzigo wa mkononi.

Umeme ukikatika, fuata mpangilio huu

1. Chomoa chaja ukutani. Umeme ukirudi kwa kishindo unaweza kuiunguza. Subiri utulie kabla ya kuirudisha.
2. Washa "Energy saver" papo hapo, hata kama betri imejaa.
3. Shusha mwangaza na uzime taa za kibodi.
4. Fungua "Task Manager", ufunge kisichohusika na kazi ya sasa.
5. Pakua au tuma unachohitaji, kisha uzime mtandao.
6. Chomoa diski na simu.
7. Fanya kwanza kazi inayohitaji nguvu. Uandishi uubakishe mwisho.
8. Ukipumzika zaidi ya nusu saa, tumia "Hibernate".

Hatua hizi zina thamani kubwa kwa mwanafunzi mwenye mashine moja ya mtumba na tarehe ya kuwasilisha tasnifu, kwa mwalimu anayeandaa mitihani, na kwa mhasibu anayefunga hesabu za mwezi. Kwao saa moja na nusu ya ziada ndiyo tofauti kati ya kumaliza leo na kuchelewa. Basi usisubiri giza. Leo, umeme ukiwepo, toa ripoti ya betri, fanya jaribio la nusu saa, na uandike namba mbili. Badilisha kioo, hali ya umeme na programu za kujiwasha, kisha upime tena. Ukiona wati zimeshuka, umeshapata saa zako. Zisiposhuka, unajua kwa hakika kuwa pesa yako iende kwenye betri, na kiasi gani cha uwezo unakwenda kununua.